Goti la Niutoni-mita 480: kutafuta kosa kwenye hesabu za kani za viungo vya mkimbiaji

Kocha aliinama mbele ya skrini, akakitazama kilele cha grafu, kisha akaniuliza: "Daktari, kama hii ni kweli, huyu kijana mbona hajavunjika?"

Mimi si daktari, ila kwenye maabara ya mwendo kila anayekaa mbele ya kompyuta huitwa hivyo. Grafu ilidai kwamba momenti ya goti, yaani ile kani ya kukizungusha kiungo, imefika niutoni-mita 480. Kijana mwenyewe ana kilo 58 na alikuwa anakimbia mita 5 kwa sekunde. Kwa mtu wa uzito ule na mwendo ule, ningetarajia kitu kati ya 130 na 200. Na yeye alikuwa amekaa pale kwenye benchi akifunga kamba za viatu, mzima kabisa.

Swali la kocha nimelibeba tangu siku ile. Programu haijui aibu: itakuchorea grafu safi yenye rangi nzuri hata kama umeilisha takataka. Kamera zinaona vidoti vinavyoakisi mwanga vilivyobandikwa mwilini, programu inakisia mifupa iko wapi, inatafuta mchapuko wa kila kipande cha mwili, inachukua kani ya ardhi kutoka kwenye bamba la kupimia lililo sakafuni, kisha inakokotoa kinyumenyume kuanzia unyayo kwenda muundi, paja, hadi nyonga. Kosa likiingia chini, linapanda ngazi pamoja na hesabu. Kwa hiyo ukiona namba ya ajabu kwenye goti, mara nyingi goti halina hatia.

Kabla ya kulaumu goti: vipimo viwili vya bure

Mkimbiaji akiwa hewani, miguu yote miwili haijagusa ardhi, kinachomvuta ni dunia peke yake. Basi kitovu cha uzito wa mwili mzima, kile ambacho programu imekipata kwa kujumlisha vipande vyote, lazima kiwe kinavutwa chini kwa mchapuko wa mvutano wa dunia, karibu 9.8 m/s². Ukikuta 9.6 au 9.9, endelea na kazi. Ukikuta 8.5 au 11.5, simama hapo hapo. Ama kamera hazikukalibrishwa sawasawa, ama kichujio chako cha kulainisha data kimekaba mno, ama mgawanyo wa uzito wa vipande vya mwili si wa mtu huyu. Kwa wenzangu walioko Eldoret na Iten: kwenu huko juu, karibu na ikweta, mvutano ni takriban 9.77, si 9.81 inayokuja na programu. Tofauti hiyo kwa kijana wa kilo 58 ni niutoni 2 hivi. Irekebishe ukipenda usafi, lakini usiisingizie makosa yako.

Cha pili: mtu anayekimbia kwa mwendo usiobadilika, wastani wa kani ya wima kuanzia mguu mmoja unapotua hadi mwingine unapotua lazima uwe sawa na uzito wake. Vinginevyo angekuwa anapaa au anazama. Kwa kijana wetu ni niutoni 567. Ukipata 610, huenda bamba halikurudishwa sifuri kabla ya jaribio, au kipimo chake kimepotoka. Mwambie asimame juu yake kimya sekunde tano uone linasema nini.

Vipimo hivi viwili havihitaji kifaa cha ziada, na mimi siku ile sikufanya hata kimoja. Nisingelipata kosa langu kwa njia hiyo, nakiri, lakini ningejua mapema kwamba kamera ni nzima na uzito ni sahihi, nikaenda moja kwa moja mahali penyewe.

Momenti kubwa kupindukia, lakini si kwenye kila jaribio

Hii ndiyo iliyonikuta, na ndiyo inayopoteza muda kuliko zote kwa sababu baadhi ya majaribio yanaonekana mazima. Kijana alikuwa amepita juu ya bamba mara nane. Mara tatu kilele cha katikati ya hatua kilikaribia kuaminika. Mara tano zilikuwa vichekesho: moja 480, nyingine chini ya sifuri kana kwamba goti linajikunja kinyume.

Namba zikiruka namna hiyo huku mkimbiaji ni yule yule na mwendo ni ule ule, usihangaike na misuli wala vidoti. Uliza: ni nini kinachobadilika kutoka jaribio hadi jaribio? Jibu ni mahali alipokanyaga.

Washa mshale wa kani kwenye picha ya 3D. Watu wengi wanauzima kwa sababu unajaza skrini, na hapo ndipo wanapofumba jicho lililo bora kuliko yote. Mshale unatakiwa utokee chini ya kiatu, na wakati mguu umebeba mzigo upite karibu na goti, ukielekea juu kwenye kitovu cha uzito. Wangu ulitokea sakafuni tupu, mbele ya vidole. Mkimbiaji alikuwa anasukumwa na mahali ambapo hakukanyaga.

Kisha nikaitazama kani ya mlalo. Mtu anapokimbia, nusu ya kwanza ya hatua ardhi inamrudisha nyuma kama breki, nusu ya pili inamsukuma mbele. Yangu ilikuwa kinyume: kwanza inasukuma, halafu inafunga breki. Nilikuwa nimeiona grafu ile tangu asubuhi bila kuiona.

Wiki moja kabla, bamba lilitolewa shimoni ili nyaya zisafishwe. Aliyelirudisha alilifunga likiwa limegeuka nyuzi 180. Matundu ya boliti yanakubali pande zote mbili, na kwa juu hakuna tofauti hata kidogo. Programu ikaendelea kuamini kwamba kona ya kwanza iko pale pale ilipokuwa. Akikanyaga katikati kabisa, kitovu cha mkandamizo, yaani pale kani ya ardhi inapotokea, kinabaki katikati na kilele kinakaribia ukweli. Akikanyaga sentimita 11 kutoka katikati, programu inaliweka kanyagio upande wa pili, yaani kosa la sentimita 22. Zidisha kwa kani ya wima ya niutoni 1,420 aliyokuwa nayo wakati ule: niutoni-mita 312 za uongo. Toa hizo kwenye 480, zinabaki 168. Ndiyo goti lake.

Tangu siku hiyo kila asubuhi tunachukua fimbo ngumu yenye ncha, tunaibandika vidoti, na tunaibonyeza kwenye bamba sehemu tano: katikati na kwenye kona zote nne, tukiilaza kidogo kila upande. Ncha ya fimbo kwenye kamera na kitovu cha mkandamizo vinapaswa kukutana, na mshale ulale sambamba na fimbo. Ni kazi ya dakika tatu. Kona ya kwanza tumeipiga alama pia kwa rangi ya kucha, maana binadamu ni binadamu.

Kosa dogo la aina hiyo hiyo

Kama mshale unatokea ndani ya kiatu lakini namba bado ziko juu au chini kwa niutoni-mita 20 hadi 40, shuku muda. Kamera na bamba vinaweza kuwa vinaanza kuhesabu kwa kupishana. Kwa mwendo wa mita 5 kwa sekunde, unyayo uko palepale lakini goti linasogea sentimita 2 au 3 ndani ya milisekunde 10 tu, na kila sentimita moja ya kupishana kwa kani ya niutoni 1,420 ni niutoni-mita 14. Dondosha mpira uliozungushiwa utepe wa kuakisi juu ya bamba: fremu mpira unapofika chini kabisa na kilele cha kani vilingane. Visipolingana, unajua cha kurekebisha.

Na kama kitovu cha mkandamizo kinaruka kama panzi mwanzoni na mwishoni mwa hatua, huo si ugonjwa. Kinapatikana kwa kugawanya momenti kwa kani, na kani ikiwa karibu na sifuri mgawanyo huo hauna maana. Weka kizingiti, niutoni 20 hadi 50, chini yake usihesabu kitu.

Mwiba mkali mguu unapotua

Hapa hatua nzima iko sawa, ila ndani ya milisekunde 30 au 40 za mwanzo goti au nyonga inatoa mwiba unaopanda na kushuka ghafla. Wanafunzi hupenda kuuita mshtuko wa kutua na kuuandikia aya mbili. Mara nyingi ni kichujio.

Vidoti vyote vina kelele, yaani vitetemo vidogo visivyo vya mwili. Nafasi yenyewe haionyeshi sana, lakini ukiitafutia mchapuko, kelele inakua pamoja na mraba wa kasi yake ya kutetemeka. Mtetemo wa milimita 1 tu kwa Hz 6, yaani mara 6 kwa sekunde, unazaa mchapuko wa karibu 1.4 m/s². Milimita hiyo hiyo kwa Hz 20 inazaa karibu 16, zaidi ya mara moja na nusu ya mvutano wa dunia. Ndiyo maana kila mtu huchuja data za kamera, kwa kawaida kwa kichujio cha Butterworth, kikomo ambacho mitetemo ya juu yake hukatwa kikiwa mahali fulani kati ya Hz 6 na 20.

Tatizo linakuja pale unapochuja kamera kwa Hz 8 na kuacha kani ya bamba ikiwa mbichi, au ukaichuja kwa Hz 50. Mguu unapogonga ardhi, muundi unasimama ghafla, na bamba linaupata mgongano huo wote. Lakini kwenye data za kamera zilizolainishwa, muundi unasimama polepole kama unatua kwenye godoro. Hesabu zinauliza: kani hii kubwa imekwenda wapi, mbona muundi haukupunguza mwendo? Na kwa kuwa lazima ziipeleke mahali, zinaipeleka kwenye goti. Bisseling na Hof walilionyesha hilo mwaka 2006, na mwaka 2012 Kristianslund na wenzake wakalionyesha tena kwa wachezaji wa mpira wa mikono wanaokata kona.

Jaribu hivi: chuja vyote viwili kwa kikomo kimoja, tuseme Hz 15, kisha hesabu upya. Mwiba ukitoweka, haukuwa wa mkimbiaji. Wapo watakaokwambia umefuta mshtuko wa kweli pamoja na wa uongo, na wana haki. Mimi naona ni bora kukosa kitu ambacho kamera zako hazikuweza kukiona kuliko kukitunga. Ukitaka mshtuko wenyewe, usome kwenye kani mbichi ya bamba, usiutafute gotini.

Kama grafu nzima inatetemeka, si mwanzo tu, angalia kwanza vidoti vilivyopotea na kujazwa na programu, na vile vilivyobadilishana majina njiani. Kidoti cha kisigino cha kushoto kikiitwa cha kulia kwa fremu tatu, mchapuko wake utakuwa wa roketi.

Goti linapinda pembeni kila linapokunjwa

Weka grafu mbili pamoja: ya kukunja goti, na ya goti kwenda ndani au nje. Ya pili ikifanana na ya kwanza kama pacha mdogo, inapanda inapopanda na kushuka inaposhuka, hiyo ni ishara kwamba mhimili wa goti umekaa vibaya. Kawaida chanzo ni kidoti cha pembeni mwa goti kilichobandikwa mbele au nyuma kidogo ya mahali pake. Mhimili ukipotoka nyuzi 10, goti likikunjwa nyuzi 90 litaonekana limepinda pembeni karibu nyuzi 10, na kwa mkimbiaji ambaye kisigino kinakaribia makalio, huo ni upuuzi mkubwa. Goti la kweli lenye kano nzima halichezi pembeni namna hiyo.

Tafuta mfupa kwa vidole huku yeye akikunja na kunyoosha goti, si kwa macho. Au mwambie apige mikunjo kumi ya polepole uache programu itafute mhimili yenyewe kutokana na mwendo. Hata hivyo vidoti vya pajani vitaendelea kukudanganya, kwa sababu vimekaa juu ya nyama inayotikisika na vinaweza kuhama zaidi ya sentimita 1 kutoka kwenye mfupa. Kwa hiyo momenti ya pembeni na ya kujipinda, hasa wakati wa kukata kona, zisome kwa shingo upande.

Nyonga haieleweki mguu ukiwa hewani

Uzito wa vipande vya mwili unatoka kwenye majedwali. La Dempster la 1955 lilitokana na maiti za wanaume wachache wenye umri mkubwa, na linalipa paja asilimia 10 ya uzito wa mwili. La de Leva la 1996, lililotokana na vipimo vya vijana wa chuo waliopigwa miale ya gama, linalipa paja la mwanamume asilimia 14.16. Kwa kijana wetu ni kilo 5.8 dhidi ya 8.2. Sehemu ya tofauti hiyo ni mahali kila mmoja alipoamua paja linaanzia, kwa hiyo usichanganye namba za huyu na mipaka ya yule. Na hakuna jedwali kati ya hayo lililopimwa kwa mkimbiaji wa mbio ndefu kutoka Bonde la Ufa mwenye vigimbi vyembamba kama vyake.

Je, ni balaa? Inategemea. Mguu ukiwa chini, unyayo wake una uzito wa niutoni 8 hivi mbele ya 1,420 za ardhi. Jedwali halibadilishi kitu cha maana. Mguu ukiwa hewani ukirushwa mbele, hakuna kani ya ardhi, na momenti yote ya nyonga inatokana na uzito wa kile kinachorushwa. Hapo ndipo jedwali linapoamua kila kitu. Ukiandika habari ya misuli ya nyuma ya paja kwa wakimbiaji wa mbio fupi, taja jedwali. Ukiandika habari ya kutua, usipoteze usingizi.

Hakuna bamba, kuna simu tu

Siku hizi unaweza kupata mwendo wa viungo bila kidoti hata kimoja. OpenCap ya Chuo Kikuu cha Stanford inatumia simu mbili za iPhone. Kani ya ardhi basi inakisiwa kutokana na mchapuko wa mwili wenyewe. Kwenye kukimbia hilo linawezekana, maana ardhi inaguswa na mguu mmoja kwa wakati. Kwenye kuchuchumaa na chuma begani, au kutua kwa miguu miwili, jumla inajulikana lakini mgawo wa kushoto na kulia haumo kwenye sheria za Newton, na programu inaukisia tu. Ikikuambia nusu kwa nusu, usishangilie ulinganifu wa mwanamichezo wako.

Kwa kukimbia, ipime kwa saa. Mguu ukikaa chini sekunde 0.20 na mwili ukikaa hewani 0.12, wastani wa kani wakati wa kukanyaga lazima uwe uzito wa mwili mara 0.32 gawanya kwa 0.20, yaani mara 1.6. Kani ikipanda na kushuka kama tuta la wimbi, kilele kinakuwa karibu mara 2.5. Simu yako ikisema mara 1.7, imelainisha kupita kiasi. Lakini piga video ya fremu 240 kwa sekunde. Kwa fremu 60 hatua ile ya sekunde 0.20 ina fremu 12 tu, ukikosea moja umekosea asilimia 8.

Momenti ni sahihi, mzigo wa kiungo ni uongo

Hili linapita hata kwenye ripoti zilizopigwa chapa. Programu inatoa safu inayoitwa kani ya kiungo, inasema kifundo kimebeba niutoni 1,400, na mtu anaandika kwamba mfupa wa muundi umebeba mara mbili na nusu ya uzito. Safu ile ni hesabu ya kani za nje na mwendo tu. Misuli haimo.

Chukua kifundo cha kijana huyu. Momenti ya kusukuma ardhi ikifika niutoni-mita 174, na kano ya kisigino ikiwa sentimita 5 nyuma ya kiungo, kano inavuta kwa niutoni 3,480. Mvuto huo nao unaukandamiza mfupa. Ongeza kani ya ardhi: karibu niutoni 4,900, zaidi ya mara nane ya uzito wake. Na si ndoto. Paavo Komi, kule Finland, aliwapachikia watu kifaa kwenye kano ya kisigino, na akikimbia mmoja wao alifika niutoni 9,000, mara 12.5 ya uzito wa mwili.

Ukiingia kwenye modeli za misuli kama za programu ya OpenSim, dalili ya kutazama ni misuli iliyofika 1.0, yaani imekazwa yote, na kubaki hapo. Modeli nyingi zina nguvu za mtu wa kawaida, na mwanariadha anazimaliza. Ukiweka nguvu za akiba, yaani za kubuni zinazosaidia misuli, ili hesabu isigome, zitabeba mzigo kimyakimya na mifupa itaonekana haina kazi, kwa hiyo zichore pia. Tazama na masalio ya kwenye fupanyonga, yaani kani za kubuni ambazo programu huongeza ili mwendo na kani ya ardhi vilingane: Hicks na wenzake mwaka 2015 walipendekeza kilele chake kisizidi asilimia 5 ya kani ya nje. Na hesabu zinazotafuta misuli ifanye kazi kidogo iwezekanavyo hazijui kwamba mtu mwenye hofu hukaza misuli ya pande zote mbili za goti. Kwa mwanariadha anayerudi kutoka jeraha, mzigo wa kweli huenda uko juu ya ule uliokokotolewa.

Kushoto 151, kulia 168

Bamba liliporudishwa sawa, kocha alirudi. Safari hii alitazama goti la kulia na la kushoto. "Kwa hiyo la kulia linabeba zaidi?"

Nilimwomba kijana akae. Tukabandua vidoti vyote, tukampa maji, tukavibandika upya kwa mkono wa mtu mwingine, akakimbia mara nane tena. Kushoto ilikuwa 166, kulia 157.